Tunahesabu dola za wawekezaji, hatuhesabu wanachonunua hapa nchini

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kila zinapotoka takwimu za uwekezaji tunasomewa mambo matatu: miradi mingapi imesajiliwa, thamani yake dola ngapi, na ajira ngapi zinatarajiwa. Kisha ukifungua jedwali la pato la taifa unakuta uzalishaji wa viwandani unachangia asilimia 8 hivi, karibu sawa na ulivyokuwa ukichangia miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2013 mitaji ya moja kwa moja kutoka nje iliyoingia Tanzania ilifika takriban dola bilioni 2. Viwanda havikusogea kwa kasi hiyo, maana sehemu kubwa ya fedha ile ilikwenda kwenye madini na utafutaji wa gesi.

Mimi ni fundi mitambo. Riziki yangu ni kufungua na kufunga mashine za viwanda, vya wageni na vya wazawa, na kwa muda mrefu jambo hili limekuwa likinisumbua. Hoja yangu ni kwamba mtaji wa nje unakuza viwanda vya nchi pale tu mwenye mtaji anapokuwa na sababu ya kununua hapa na kufundisha hapa. Bila hayo mawili unapata kiwanda kimoja kinachofanya kazi vizuri ndani ya uzio wake, na nje ya uzio maisha yanaendelea kama hakipo.

Kwanza tuelewane dola hizo ni za namna gani. Mtaji wa moja kwa moja kutoka nje una mafungu matatu: hisa ambazo mgeni ameweka, faida aliyoiacha ndani ya kampuni badala ya kuipeleka kwao, na mikopo ambayo kampuni mama imeikopesha kampuni ya hapa. Zaidi ya hapo, mgeni akinunua kiwanda ambacho kilikuwepo, hesabu inaandikwa sawasawa na ya mgeni aliyejenga kipya kwenye pori. Mwaka 1993 serikali ilipouza nusu ya Kampuni ya Bia kwa Waafrika Kusini wa SAB, kiwanda kilikuwa kinapika bia tangu enzi ya Mwingereza. Sisemi kwamba uuzaji ule haukuwa na faida. Mitambo ilifufuliwa, bia ikapatikana, na serikali ikaanza kuvuna kodi ya maana. Lakini Oktoba 2016, kampuni kubwa ya bia AB InBev ilipoinunua SABMiller (ndiyo SAB ileile baada ya kukua) huko nje, viwanda vya Dar, Arusha, Mwanza na Mbeya vilipata mwenye mali mpya bila tofali moja kuongezwa siku ile. Ndiyo maana nasema thamani ya mtaji peke yake haikwambii kama nchi inajenga viwanda.

Sasa nataka tuangalie viwanda viwili, kimoja kilichokufa na kimoja kinachokua.

Kilichokufa ni General Tyre ya Arusha. Vijana wengi hapa hawakuwahi kuona tairi zake, ila wazee wa malori wanazijua. Serikali ilikuwa na asilimia 74 na Continental ya Ujerumani asilimia 26. Kilichonivutia kwenye kiwanda kile si tairi zenyewe. Nyuma yake kulikuwa na mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga kule Kilombero, yaliyokusudiwa kukilisha. Mpira si zao la msimu mmoja. Mti unakaa miaka sita au saba ndipo uanze kugemwa, na mgemaji anatoka alfajiri kabla jua halijakausha utomvu. Yaani miti ilipandwa kwa kutegemea kiwanda kilichoko mamia ya kilomita. Uzalishaji uliposimama mwaka 2009, waliopoteza si wafanyakazi wa Arusha tu. Mpira wa Kihuhwi na Kalunga ulipoteza mnunuzi wake mkuu, na sisi tukarudi kuagiza tairi kutoka Asia huku miti inayotoa malighafi imesimama Tanga na Morogoro.

Kinachokua ni Kilombero. Mwaka 1998 kiwanda cha sukari kilibinafsishwa kwa Illovo ya Afrika Kusini, serikali ikabaki na asilimia 25. Sukari ina tabia moja inayomfunga mwekezaji hata kama hataki: muwa haupandi meli. Shamba likishachomwa na muwa kukatwa, una siku mbili hivi uwe umesagwa, la sivyo sukari inapungua ndani ya muwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda lazima awe na miwa jirani, na ardhi yake mwenyewe haitoshi. Hapo ndipo wakulima wa nje wanapoingia, yaani wenyeji wenye mashamba yao nje ya shamba la kiwanda, maelfu yao, kwenye pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, Kilombero na Kilosa. Vyama vyao vya ushirika, AMCOS, vinapanga nani akate lini, magari yanapita mizani, sampuli inachukuliwa kupima utamu, na malipo yanafuata kipimo hicho.

Nendeni Kidatu na Ruaha muone nyumba. Kuna fremu za maduka, bodaboda, shule za binafsi, mafundi wa trekta, wakandarasi wa kukata na kupakia. Hivi vyote havimo kwenye jedwali la mitaji kutoka nje, ila vimetokana nao.

Shida iliyoimbwa Kilombero miaka mingi ni miwa kubaki shambani kwa sababu kiwanda hakina nafasi ya kuisaga yote. Ndiyo asili ya upanuzi wa kiwanda unaoitwa K4, uliopangwa kutoa uzalishaji kwenye tani 127,000 za sukari hivi kwa mwaka na kuufikisha tani 271,000, na miwa ya wakulima wa nje ipande kutoka tani 600,000 hadi milioni 1.7. Mtu akiniuliza mtaji wa nje ninaoutaka ni upi, namwonyesha namba hii ya mwisho, si dola zilizowekwa.

Naomba michango. Nitaendelea na suala la ujuzi.

#2 – Mhasibu wa Ilala

Mkuu, uzi mzuri, ila umechagua mfano unaokupendelea. Sukari, bia na saruji ni bidhaa za kuuza humuhumu ndani. Mwekezaji huyo anafuata soko letu. Nchi zilizotoka kwenye umaskini zilitoka kwa kuuza nje. Huyo mwenye kuuza nje hana haja na muwa wako, anataka mikono ya bei nafuu na bandari isiyochelewesha. Sasa naye unamwekea masharti gani?

#3 – Kijana wa Mabibo

Naunga mkono #2. Mimi nimeshona EPZ, kwenye viwanda vya kuuza nje. Kitambaa kinakuja kwenye kontena, uzi unakuja kwenye kontena, zipu na vifungo hivyo hivyo, hata lebo. Tunashona, tunapiga pasi, tunapanga kwenye katoni, kontena linarudi bandarini. Lakini wakuu, ule mshahara niliupata kila mwezi bila kukosa, na kabla ya hapo nilikuwa nakaa nyumbani. Msiuone mdogo.

#4 – Mleta uzi

Kijana wa Mabibo, siuoni mdogo hata kidogo. Mshahara wa kila mwezi kwa binti aliyemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda ni jambo kubwa, na anayeudharau hajawahi kuukosa.

Mhasibu, swali lako ni zito, nitalijibu kwa urefu.

Kitambaa kinakuja kwenye kontena kwa sababu sheria za soko ziliruhusu. Chini ya AGOA, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2000, nchi kama yetu iliruhusiwa kushona kwa kitambaa kutoka popote na bado nguo ikaingia Marekani bila ushuru. Na sheria yetu ya EPZ ya mwaka 2002 ilimpa mwekezaji miaka kumi bila kodi ya mapato ya kampuni, sharti kubwa likiwa auze nje asilimia 80 ya anachozalisha. Mwekezaji amefuata sheria kama ilivyoandikwa, hana kosa. Sisi ndio tuliomuuliza anauza wapi tukasahau kumuuliza ananunua wapi.

Wakati huohuo pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza inachambuliwa, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi inauzwa nje ikiwa ghafi. Kati ya pamba nyuzi na shati kuna kazi tatu: kusokota, kufuma na kutia rangi. Hizo tatu ndizo tulizozipoteza viwanda vya nguo vilipoanguka miaka ya themanini na tisini, na ndizo ngumu kuliko zote. Kusokota kunakula umeme usiku na mchana na hakuvumilii umeme unaokatika, maana uzi unakatika nao. Kutia rangi kunakula maji mengi na kunatoa maji machafu yanayohitaji mtambo wa kuyasafisha. Mshonaji anahitaji cherehani na ukumbi tu, ndiyo maana kila mwekezaji anaanzia kwenye kushona, na ndiyo maana anaweza pia kufungasha haraka.

Kufungasha kwenyewe tumekushuhudia kwa jirani. Ethiopia ilijenga eneo la viwanda la Hawassa, likafunguliwa mwaka 2016, na kampuni kubwa ya nguo ya Marekani, PVH, ikawa nguzo yake. Majengo mazuri, umeme wa bei chini, na mwaka 2019 ikachapishwa taarifa kwamba mshahara wa kuanzia wa mshonaji ulikuwa dola 26 kwa mwezi. Vita vya Tigray vikaja, PVH ikatangaza kuondoka Novemba 2021, na tarehe 1 Januari 2022 Ethiopia ikatolewa kwenye AGOA. Walikuwa wameshuka kwenye mshahara kadiri mtu anavyoweza kushuka, na haukuwazuia wageni kuondoka. Nasema hivi kwa wale wanaoamini kwamba dawa ya kumvuta mwekezaji ni kumpunguzia kila kitu.

Sasa tuje Bangladesh, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Miaka ya sabini biashara ya nguo duniani iliwekewa vikomo, kila nchi ikiwa na kiwango chake cha kuuza Marekani na Ulaya. Korea Kusini ilikuwa imefika kikomo. Daewoo ikatafuta nchi ambayo bado ina nafasi, ikafika Bangladesh, nchi iliyokuwa haina historia ya kuuza nguo za kushona nje. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini ikaingia mkataba na kampuni ya mzawa, Desh Garments, ya mtumishi wa serikali wa zamani aitwaye Noorul Quader. Wafanyakazi 130 wa Desh wakapelekwa Busan, Korea, kwa miezi kama sita. Walifundishwa kushona, ndiyo, ila pia walifundishwa kupanga mstari wa kazi, kukagua ubora, kuagiza vitambaa na kuongea na mnunuzi wa nje.

Miaka ya themanini, kati ya wale 130, watu 115 waliondoka Desh. Wengine walianzisha viwanda vyao, wengine wakaajiriwa kuongoza viwanda vipya vya wenzao. Serikali nayo ikaweka mambo mawili ambayo wahasibu mtayaelewa vizuri kuliko mimi: bohari za forodha ambazo kitambaa kinaingia bila ushuru mradi kitoke kikiwa nguo, na utaratibu wa benki wa kutumia oda ya mnunuzi wa nje kama dhamana ya kununulia kitambaa. Mtu asiye na mtaji akaweza kuanza kiwanda akiwa na oda mkononi. Leo nguo ndizo zinazobeba sehemu kubwa kabisa ya mauzo ya nje ya Bangladesh na zinaajiri mamilioni ya watu, na viwanda vingi ni vya wenyeji.

Angalieni hapo: malipo ya Daewoo yalikuwa asilimia ya mauzo. Fedha za Mkorea hazikuwa nyingi. Kitu kilichojenga viwanda ni watu 130 waliokaa Busan. Wakija kwetu, wale 130 tunaandika "ajira 130" na kufunga faili.

#5 – Mhasibu wa Ilala

Nimekuelewa, na mfano wa Desh una nguvu. Lakini mwekezaji mwenye akili ataona mfano huohuo na kuogopa: nimfundishe mtu ili kesho awe mshindani wangu?

#6 – Mleta uzi

Ataogopa, ndiyo. Na anajilinda, nimeyaona kwa macho.

Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi anayoifanya mgeni. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Kuna kiwanda, jina nitaliacha, nilikwenda kwa kazi ya kufunga pampu. Mstari wa kufungasha ulikuwa umesimama. Mtaalamu wa nje alikuwa likizo kwao, na kijana wetu, mhitimu kabisa wa chuo, aliyeandikwa kuwa ndiye mrithi wake, alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta inayoendesha mashine. Kosa analiona limeandikwa pale. Hawezi kuligusa, kwa sababu paswedi ya kuingia kwenye programu anayo mgeni peke yake. Wakampigia simu, kwake ilikuwa usiku wa manane. Kijana yule kazi yake ya kila siku ilikuwa kubeba sanduku la spana na kujaza daftari la zamu. Mkaguzi akija, jina lake lipo kwenye mpango, picha ipo, cheti kipo.

Kwa hiyo ningependa mkaguzi asiombe faili. Amwombe mrithi asimamishe mtambo na kuuwasha tena, peke yake, mgeni akiwa nje ya chumba. Ni jaribio la nusu saa. Akishindwa baada ya miaka miwili ya kurithishwa, kibali cha mgeni kiulizwe upya.

Kuhusu hofu ya mshindani: mwekezaji anayejua kwamba ujuzi utavuja hata hivyo ataweka bei yake humo, kama Daewoo ilivyolipwa kwa asilimia ya mauzo. Anayekuja kwa sharti kwamba hakuna mtu atakayejifunza kitu, huyo sioni kwa nini tumsamehe kodi miaka kumi. Msamaha wa kodi ni fedha ya umma. Tunanunua nini nayo?

Na tunao mfano wa hapa, Arusha. Mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japani iliipa A to Z Textile Mills, kampuni ya hapa, teknolojia ya kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, bila kuitoza ada ya leseni. Baadaye wakajenga kiwanda cha ubia. Maelfu ya watu wakapata kazi, wanawake wengi, na vyandarua vya Arusha vikaenda Afrika nzima. Malighafi ya plastiki na dawa iliendelea kutoka nje, hilo ni pengo na tusilifiche. Lakini mikono na vichwa vya kuendesha mitambo ile ni vya hapa.

#7 – Mdau wa Mtwara

Mleta uzi, umeongelea kununua hapa. Sisi huku tuliliona likilazimishwa kwa amri. Saruji ya Dangote ilizinduliwa 2015, uwezo tani milioni 3 kwa mwaka, kikubwa kuliko vyote vilivyokuwepo. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku makaa ya mawe kutoka nje, mnunue ya Ngaka. Unajua Ngaka iko wapi? Mbinga! Malori yanapanda na kushuka milima ya Ruvuma hadi huku pwani. Kiwanda kikasimama uzalishaji kwa muda mwaka huohuo, gharama za dizeli za kuendeshea majenereta zikatajwa. Na gesi ya Mnazi Bay inapita jirani kwenda Dar.

#8 – Mleta uzi

Mkuu, asante, huo ni mfano ambao nilipaswa kuuweka kwenye bandiko la kwanza.

Nakubaliana na lengo la amri ile, siafikiani na mpangilio wake. Tanuri la saruji halili makaa yoyote tu. Linataka joto la kiwango fulani, majivu yasizidi kiasi fulani, na mzigo ufike kila siku, maana tanuri likipoa kuliwasha upya ni gharama na matofali ya ndani yanapasuka. Ukimwambia mwenye tanuri "kuanzia sasa nunua Mbinga" kabla mgodi haujaongeza mitambo ya kuchimba na kuchambua, kabla barabara haijatosheleza malori, umemkosesha na hujamsaidia mchimbaji pia. Na bado, makaa ya Ruvuma leo yana soko kubwa, hadi yanapakiwa meli bandarini Mtwara kwenda nje tangu mwishoni mwa 2021. Mali ilikuwepo. Kilichokosekana ni muda na maandalizi.

Saruji ina upande mwingine pia. Ushindani ule ulibana bei, na aliyekuwa anajenga nyumba mwaka ule aliuona. Faida kwa mlaji ni faida halali, mtu asinisome kana kwamba naona mkulima na fundi peke yao.

#9 – Mhasibu wa Ilala

Nyongeza ya kisheria: mkataba wa WTO, Shirika la Biashara Duniani, wa mwaka 1995 kuhusu masharti ya uwekezaji unazuia kumlazimisha mwekezaji anunue malighafi ya ndani. Nchi maskini zimepewa nafuu, lakini huwezi kujenga sera ya kudumu juu ya nafuu.

#10 – Mleta uzi

Kweli kabisa. Ndiyo maana napendelea njia ya Singapore kuliko njia ya amri. Mwaka 1986 walianzisha mpango ambao kampuni kubwa ya kigeni inamtoa mhandisi wake akae na viwanda vidogo vya wenyeji, awafundishe mpaka bidhaa yao ifikie kiwango cha kununuliwa na kampuni hiyohiyo. Mshahara wa mhandisi huyo ulilipwa na serikali. Mwekezaji hapotezi kitu, anapata muuzaji wa karibu, na mwenyeji anapata mnunuzi. Penang, Malaysia, mwaka 1989 walianzisha kituo cha mafunzo kinachoendeshwa na viwanda vyenyewe, wageni wakikaa meza moja na serikali ya jimbo kuamua kijana afundishwe nini. Hakuna mkataba wa WTO unaozuia hayo.

Hapa kwetu tuna SIDO tangu 1973, tuna TIRDO ya utafiti wa viwanda, tuna TEMDO ya usanifu wa mitambo Arusha, tuna VETA. Majengo yapo, watu wapo. Sijaona mkataba wa uwekezaji unaosema: ndani ya miaka mitano, vipuri hivi na hivi vitatengenezwa na karakana za hapa, na huyu ndiye mhandisi wetu atakayekaa nao. Andikeni hivyo, halafu msamaha wa kodi uongezeke kadiri manunuzi ya ndani yanavyoongezeka. Anayenunua asilimia 10 hapa asipate sawa na anayenunua asilimia 60.

#11 – Karakana Gerezani

Mkuu, mimi ndiye huyo unayemsema. Nina mashine ya kukereza, ya kuchimba na ya kuchomelea. Viwanda vinakuja kwangu mashine ikikwama tu, usiku, wakiwa hawana njia. Nachonga kipande, mashine inatembea, wananishukuru. Lakini oda ya kawaida, ya kila mwezi, sijawahi kupata. Wanaagiza nje. Kwa nini? Kipande changu kimefanya kazi.

#12 – Mleta uzi

Fundi, nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, acha nikueleze ninavyoona.

Mhandisi wa kiwanda hakatai mikono yako. Anaogopa karatasi asiyokuwa nayo. Shafti uliyochonga imetoka kwenye nondo gani? Wewe unajua kwa kuipiga tindo na kusikiliza, kwa cheche za jiwe la kunolea. Yeye akiulizwa na makao makuu ya kampuni kule nje kwa nini shafti imekatika, hawezi kujibu "fundi alisikiliza". Anataka cheti cha aina ya chuma na kipimo cha ugumu baada ya kukazwa kwa moto. Hivyo viwili tu vingemtosha katika kazi nyingi. Cheti mdai muuzaji wa chuma, na asiyekuwa nacho usinunue kwake kwa kazi ya kiwanda. Kipimo kinapatikana TIRDO, pale Msasani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwenda na kipande kimoja ni ghali, mkijikusanya karakana tano mkapeleka pamoja inabebeka.

La pili ni malipo. Kiwanda kikubwa kinalipa siku 60 au 90 baada ya ankara. Wewe chuma umenunua taslimu, vijana wanataka posho Jumamosi. Wengi wanakufa hapo, si kwenye ubora. Kabla hujachukua oda ya kwanza, omba malipo ya awali ya thamani ya chuma, au waombe wanunue chuma wao na wewe ulipwe ufundi. Viwanda kadhaa vinakubali, ila hakuna anayewaomba. Bila risiti ya EFD na namba ya VAT usisogee getini, idara ya manunuzi haitakusikiliza hata kama mhandisi anakutaka.

La tatu, mchoro. Usichonge kwa kuangalia kipande kilichochakaa, maana unanakili na uchakavu wake. Kipime, uchore, uandike vipimo na uvumilivu wake (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupotoka), mhandisi aweke saini kwenye mchoro. Kuanzia hapo ile oda ni yako, kila ikirudi unajua cha kufanya, na akija mhandisi mwingine anakuta mchoro wenye jina lako kwenye faili.

Anza na vipande visivyo na hatari kubwa: bushi, puli, koplingi, machujio, vifuniko vya konveya. Viwanda vya sukari nenda masika, mitambo ikiwa imesimama kwa matengenezo, hapo wana muda wa kukusikiliza na bajeti ipo. Shafti ya mtambo mkuu iache kwa sasa. Hiyo ikikatika katikati ya msimu miwa inaozea shambani, na jina lako halitaitwa tena.